Kinanda Kilichopakwa Mafuta

Nilipofungua skrubu ya mwisho na kuinua kifuniko, kitu cha kwanza kutoka ndani ya kile kinanda kilikuwa harufu, na cha pili kilikuwa mende. Hiyo harufu sijui niifananishe na nini. Chukua sufuria iliyokaangiwa samaki, uisahau chini ya kitanda msimu mzima wa mvua, halafu panya aje aikojolee. Mende wenyewe hata hawakukimbia. Walitoka polepole, wamenona, miguu inanata, kama watu wanaotoka harusini wameshiba. Mmoja alinipanda mkono mpaka ndani ya sweta. Nilitoka dukani mbio nikatapika kwa mtaro, watu wakinipita na mifuko yao ya sukuma wiki, wengine wakiziba pua.

Mzee mwenye duka alinifuata na glasi ya maji.

"Tapika yote," aliniambia. "Ukimaliza, rudi. Bado upande wa kushoto."

Ilikuwa mwaka wa 2007, ile miezi ya baridi. Mzee alikuwa Singasinga mwenye kilemba cha bluu, na duka lake la kutengeneza redio lilikuwa barabara ya nyuma, karibu na soko la Nakuru. Mimi shule ilinishinda kidato cha pili kwa sababu ya karo, na kazi yangu pale ilikuwa kuhamisha kaseti za watu ziingie kwenye CD. Kwaya, mahubiri, harusi za watu ambao siku hizi hata hawaongeleshani. Nilikuwa nikiipenda hiyo kazi. Nilikuwa mtu wa kuimba nikifagia, na mzee alisema mimi ni redio isiyo na swichi.

Chini ya meza yake kulikuwa na katoni ya kaseti ambazo mpwa wake alimtumia zamani kutoka Ubelgiji. Yeye mwenyewe hakuzipenda. Ujana wake alikuwa akipiga kinanda kwenye bendi ya harusi, na kwake muziki bila wimbo wa kuimbika ni kelele. Siku moja nilitia moja kwenye mashine nikidhani ni mahubiri. Ngoma ikaanza, tung, tung, tung, bila kupumzika, na chini yake besi nzito iliyozunguka na kurudi palepale kama mkanda wa posho mill ikisaga mahindi. Halafu mwanamume akaanza kufoka kwa lugha nisiyoijua, kama askari anayeamrisha vijana wakimbie raundi. Hakukuwa na gitaa wala kitu cha kubembeleza mtu. Mguu wangu ulianza kugonga sakafu kabla mimi sijaamua. Mzee alisema huko Ubelgiji waliuita muziki wa mwili, na kwamba vijana waliucheza wamevaa buti.

Tangu hapo nikawa na ndoto. Nina binamu Naivasha anayekata maua kwenye greenhouse, na nilimwona yeye na wenzake Jumamosi jioni, bado wamevaa gumbuti, wakikanyaga chini pamoja kwa muziki kama huo, ila maneno yawe yetu. Nilimweleza mama yangu. Aliuliza kama nimekula.

Mzee ndiye aliyeniambia kwamba ile sauti ya besi hutoka kwenye kinanda cha zamani, kile cha vifundo vingi vya kuzungusha, ambacho hakina nyimbo zilizowekwa ndani. Unaijenga sauti mwenyewe. Aliponielezea umbo lake nilishtuka, kwa sababu nilikijua. Kilikuwa kanisani kwetu, kule Bahati, nyuma ya madhabahu, kimefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono chenye maua. Familia moja ya walowezi ilikiacha ilipouza shamba, na kwaya ikakitumia miaka mingi mpaka kikanyamaza.

Sasa nieleze kilichokinyamazisha. Kanisa letu lina Jumapili ya Vyombo. Kila mtu huleta kinachompa riziki: jembe, panga, cherehani, baiskeli, sufuria za hoteli. Vinapangwa mbele, pasta anaviombea, na mama wa maombi anapita na chupa akivimiminia mafuta. Ni siku nzuri, naipenda hata leo. Na jembe likipakwa mafuta halishiki kutu, cherehani inateleza vizuri, kwa hivyo hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote. Kinanda nacho kilipelekwa mbele kila mwaka, kikamiminiwa katikati ya vibonye kama vingine vyote. Kilipoanza kukwama, waliona kinahitaji maombi zaidi. Kikaongezwa mafuta.

Nilimwendea pasta kumwomba nikitengeneze. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na haraka. Alisema kanisa limenunua kinanda kipya, na hiki kilikuwa kiende kwa watu wa vyuma chakavu pamoja na mabati ya zamani baada ya Jumapili ya Vyombo. Kama siku hiyo kitalia mbele ya watu, basi nitakaa nacho, nikitumie nitakavyo siku za wiki. Kisipolia, nisimsumbue tena.

Ndiyo maana nilirudi ndani baada ya kutapika.

Nilisafisha kwa mswaki, pamba na spiriti. Mafuta ya miaka yalikuwa yamegeuka gundi ya rangi ya kahawia, yananata kama usaha wa jeraha bichi, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: nywele, mabawa, makombo ya mandazi, mayai ya mende yaliyopangwa vizuri kama maharagwe, na mjusi mmoja mkavu aliyelala chini ya kibonye cha noti ya juu kabisa na mdomo wazi. Yule mjusi nilimhurumia, nikamzika kwenye kopo la maua la mzee. Wale mende sikuwahurumia. Kila kibonye nilichong'oa kilitoka na kauzi karefu, kama kamasi. Kwa wiki kadhaa chai ya maziwa ilinishinda, sababu ya ile ngozi inayotanda juu. Mzee alikuwa akiniletea ya rangi, na kuuliza kwa upole kama nimekutana na ndugu wa mjusi.

Kilipolia mara ya kwanza, kilikoroma. Noti ilianza mahali pake halafu ikateleza chini yenyewe, na nikafikiri nimekiua.

"Baridi hiyo," mzee alisema. "Hii kitu iko kama mimi. Asubuhi inaamka vibaya. Ngoja ipate joto."

Tulikiacha kikapata joto. Nikazungusha vifundo kidogo kidogo mpaka besi ikashuka, ikawa nene, na vioo vya kabati la redio vikaanza kutetemeka. Mzee, ambaye hapendi kelele, alisimama na bisibisi mkononi akitikisa kichwa kufuata. Nilipomtazama akaacha.

Siku mbili kabla ya Jumapili ya Vyombo nilimweleza pasta kwamba kinanda kisimiminiwe. Nilimweleza yote, mpaka mjusi. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema hawezi kuondoa chombo kimoja kwenye baraka mbele ya kanisa zima. Watu watauliza kina nini. Mama wa maombi, aliyekuwa akifagia, alisimama.

"Mafuta yamekukosea nini, msichana?" aliniuliza. "Ama huko mjini mnapaka petroli?"

Nilimwuliza, kwa heshima, hayo mafuta hutoka wapi. Hapo awali, alisema, ilikuwa chupa ndogo ya mzeituni. Ilipokwisha wakawa wakiijaza yanayopatikana. Mwaka huu mama mwenye hoteli ya samaki alikuwa amejitolea. Yalikuwa yametumika kidogo tu, na yamechujwa.

Jumapili ikafika. Nilikiweka kinanda mbele kati ya cherehani na kirundo cha majembe, kimewashwa mapema kipate joto. Chupa niliinusa kabla sijaiona. Ilikuwa ile harufu yenyewe, ila changa, kabla ya mende. Mama wa maombi alianza na mapanga. Mafuta yalikuwa meusi, na ndani yake vipande vya magamba vikielea. Yaliteleza kwenye usukani wa baiskeli yakadondoka sakafuni, na mimi nikahisi mate ya kutapika yakinijaa mdomoni katikati ya wimbo wa sifa.

Alipofika kwenye cherehani nilikuwa bado sijui nitafanya nini. Alipoinua chupa juu ya kinanda nilipiga magoti, nikakilalia. Kifua juu ya vibonye, mikono imezunguka vifundo, shavu kwenye bati lake la moto. Kwa sababu kilikuwa kimewashwa, kikalia chote kwa pamoja, mlio mmoja mkubwa mchafu, na watoto wa mbele wakaziba masikio.

"Nipake mimi, mama," nilisema. "Mimi ndiye chombo. Hiki ni cha kushikwa tu."

Mama wa maombi alimtazama pasta. Pasta alitazama dari, halafu akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba hakuna andiko linalokataza.

Basi nikainuka, nikasogea kando ya kinanda, nikamiminiwa. Hakunionea huruma, alinipa hata fungu lililokuwa la kinanda. Yaliingia kwenye nywele, yakashuka shingoni, yakapita ndani ya sikio na kutulia huko yakiwa vuguvugu. Gamba moja lilinata kwenye kope. Nilifunga mdomo na macho, nikafikiria mtaro wa mjini, nikameza. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu wengi.

Nilifuta vidole kwa sketi mpaka vikakauka, kimoja kimoja, nikapiga. Nilipiga ile besi yangu, ya kuzunguka na kurudi palepale. Sikuimba. Watoto ndio walioanza kukanyaga, halafu mzee mmoja mkulima wa viazi akaanza kugonga jembe lake sakafuni, tung, tung, na liligonga pale hasa nilipokuwa nikitaka ngoma. Nilikuwa nanuka kama jiko la hoteli na nilikuwa nacheka.

Nilipomaliza, pasta aliuliza huo ni muziki gani. Nikamwambia ni wa mwili.

"Sio wa Jumapili," alisema. "Lakini kimelia. Kichukue."

Binamu yangu alikuwa amekuja kutoka Naivasha. Alinisaidia kukibeba mpaka nyumbani, yeye akishika upande wa mbele na kugeuza uso pembeni kwa sababu ya harufu yangu. Niliosha nywele kwa sabuni ya kufulia mara nyingi, na bado usiku ule mto wangu ulinuka samaki. Lakini kabla ya kulala nilipitisha kitambaa cheupe chini ya kila kibonye. Kilitoka kikavu.