Laptopu Nyepesi na Bega la Mdogo Wangu

"Hii si laptopu, dada, hii bahasha!" Mdogo wangu aliibwaga juu ya meza yangu ya kukatia nguo, juu ya suruali ya mteja. "Mtu mzima napewa kitu cha kupepea moto!"

"Itoe hapo kabla sijaikata kiuno."

Mtaa mzima humwita Bega. Anauzia zahanati vitanda na mizani, na miaka yote amebeba laptopu ya ofisi nzito kama tofali, na chaja yake, ngazi baada ya ngazi, mpaka bega la kushoto limeshuka. Najua kwa sababu makoti yake nashona mimi: kushoto naweka sponji mbili, kulia moja, ndipo anasimama sawa mbele ya wateja. Sasa mkuu wake amempa hii nyepesi aijaribu wiki moja. Akisema inafaa, wauzaji wote watapewa. Akisema haifai, watabaki na matofali yao. Amechaguliwa yeye kwa kuwa hasifu kitu hovyo. Hata siku ya harusi yake alilalamika kuwa viti ni vigumu.

"Kwani ina kosa gani?"

"Haina uzito!"

Kumbe siku hiyo, akiwa kwenye ngazi za zahanati, alihisi begi ni tupu. Akarudi mbio getini, akamwita mlinzi mwizi mbele ya wagonjwa. Mzee wa watu akamjibu taratibu, "Fungua begi lako kwanza, mwanangu." Laptopu imelala humo humo.

"Ukamwomba radhi?"

"Nitampitia siku nyingine," akasema, macho pembeni.

Wakati wa kuondoka aliazima pasi yangu ndogo ya chuma, ile ya kulazia kola. Nikadhani ana shati la kunyoosha.

Wiki ilipokaribia kwisha alirudi akijikanda bega. "Umeona? Nyepesi, nzito, maumivu yale yale. Naandika haifai."

Nikalishika begi lake nilisogeze apate pa kukaa. Likanivuta mkono hadi chini! Nikalifungua. Laptopu ile, na ubavuni pake, imezungushiwa taulo kama mtoto mchanga, pasi yangu.

"Wewe! Unajaribu laptopu au unajaribu pasi?"

"Dada, bila uzito napapasa begi kila hatua. Nikisikia linanivuta, moyo unatulia."

"Moyo utulie, bega life. Na yule muuzaji mwenzio mjamzito, anayepanda ngazi na tofali lake, naye umemwandikia haifai?"

Nikachukua futi, nikampima mbavuni. Nikaupunguza mkanda wa begi, nikalishonea wa pili wa kufunga kiunoni, likamganda ubavuni kama kupe.

"Uzito hutausikia, lakini utasikia linakugusa. Kesho nenda bila pasi."

"Na likidondoka?"

"Nimeshona mimi. Lidondoke liende wapi?"

Kesho yake jioni aliingia akipiga mluzi. Chaja aliiacha nyumbani, na betri ikamfikisha hadi kwa mteja wa mwisho. Lakini malalamiko hayakukosekana, nikajua ni mzima: juani kile kioo huoni kitu ila sura yako mwenyewe, na matundu ya kuchomekea nyaya ni machache. Yote aliyaandika, na chini yake: pamoja na hayo, inafaa, inunuliwe.

"Na mlinzi?" nikamuuliza.

"Nilianzia kwake, kabla ya mteja yeyote. Pale pale getini, watu wakisikia. Nikamwambia, mzee wangu, nilikukosea."

"Akasemaje?"

"Akasema lete hilo begi." Bega akaanza kucheka. "Akalipima kwa mkono, akalitikisa. Akasema, mwanangu, kitu chepesi hivi hata mimi ningedhani kimeibwa. Nenda kazini, yamekwisha."