Siku Tembo Wangu Alipokatazwa Kuvuka Nzoia

Jumapili ile sijaisahau, mwanangu. Nilibeba imondo, firigisi ya kuku, kwenye kisahani kutoka nyumbani mpaka sokoni Shianda, kwenda kuilisha kompyuta. Usicheke kwanza. Umenijia umevimba mashavu kwa sababu mume wako habanduki kwenye simu, kwa hiyo keti nikueleze. Wewe ulikuwa mdogo bado.

Baba yako aliwahi kuwa dereva wa Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara. Msimamizi wao mmoja alimfundisha chesi ya Kichina kwa ishara tu, maana yeye hakujua Kiswahili na baba yako hakujua Kichina. Barabara ikaisha, mchezo ukabaki kwetu. Baba yako alikata magunzi ya mahindi vipande vya duara, vyangu akavipaka makaa, vyake udongo mwekundu, akaviandika herufi: J ya jemadari, F ya farasi, T ya tembo. Katikati ya ubao kuna mto, nasi tukauita Nzoia, kama mto wetu. Tukishamaliza obusuma, ugali wetu, jioni tunacheza, na mara nyingi nilimshinda kwa tembo wangu, aliyevuka Nzoia akaenda kumkanyagia askari wake huko ng'ambo. Nilijivunia yule tembo kuliko ng'ombe wa mahari yangu.

Kisha akafungua duka la kuchapa na kutoa kopi pale sokoni, akanunua kompyuta iliyotumika, na ndani yake akakuta mchezo uleule. Mwanangu, nilipata mke mwenza. Ubao wetu ukapandishwa juu ya kabati. Akirudi nyumbani habari ni hiyo moja. "Mama Nafula, ile mashine ni kali! Inanisomanga mpaka moyoni."

Moyoni! Mimi niliyejua akikohoa kama ni baridi au ni uongo, sikuwahi kuambiwa hivyo hata siku moja. Angekuwa mwanamke ningeuliza kwao ni wapi. Kile kitu hakikuwa na kwao, hakikuzeeka, wala hakikuchoka. Nilikuwa na wivu mpaka chakula kikanishinda. Lakini sikusema, nilinuna. Akinisalimu namwitikia kwa kugonganisha sufuria.

Jumapili hiyo alitutembelea Senge, yaani shangazi yake baba yako. Nikachinja ingokho, kuku wa mgeni. Chakula kikaiva na mwenye nyumba hayupo, kwa sababu baada ya kanisa alipitia dukani, eti dakika moja tu. Unajua kwetu imondo huwekewa mwenye nyumba na hailiwi na mwingine, sembuse mwanamke. Nikaiopoa kwenye mchuzi, nikaiweka kwenye kisahani, nikatoka. Senge akanifuata na bakora yake bila kuuliza.

Nikaitua mbele ya kioo cha kompyuta. "Mpe mwenzako ale," nikamwambia baba yako. "Si ndiye mwenye nyumba siku hizi?"

Badala ya kukasirika alicheka, akanivutia kiti. "Basi kaa ucheze nayo, uone."

Nikakaa. Nilitaka kuiaibisha mbele yake. Nikampeleka tembo wangu pole pole mpaka ukingoni mwa Nzoia, nikamvusha. Akarudi mwenyewe. Nikamvusha tena, akarudi tena. "Inaiba hii!" nikapiga kelele.

"Haiibi," baba yako akasema, sasa kwa upole. "Tembo havukangi mto. Yule Mchina alikuwa ananipungia mkono, mimi nikadhani ananiambia nipite. Kumbe alikuwa anakataza. Nimekuja kujua hapa."

Kwa hiyo ushindi wangu wa miaka yote ile ulikuwa hewa, na mashine ilimwambia yeye kabla mimi sijajua. Hilo ndilo lililonichoma. Walikuwa na siri, wao wawili. Nikalia palepale mbele ya shangazi wa mume, bila haya.

Senge alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa ameichukua ile imondo, yeye mwanamke, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha. Akapangusa vidole. "Wewe, mke wetu," akaniuliza, "huyu bwana yako ulimjibu lini mara ya mwisho?"

Nikakitazama kisahani kitupu.

"Unaona? Hiyo sanduku akiiguza inamjibu. Akiguza tena, inajibu tena. Wewe unajibunga na sufuria. Sasa unataka akae na nani? Kama uko na wivu, sema uko na wivu. Ama ni mdomo umekosa?"

Nikafuta kamasi. "Niko na wivu na hii kitu," nikamwambia baba yako. "Nataka ucheze na mimi."

Hapo hakucheka tena. Umeme ulikuwepo na mchezo haujaisha, lakini aliizima. Tukarudi nyumbani watatu, tukala ingokho iliyopoa, kisha akaushusha ubao na kuupangusa vumbi.

Nilicheza kama mashine inavyotaka. Tembo wangu nilimfikisha ukingoni, nikamwacha hapo, nikasogeza farasi. Baba yako akanishika mkono, akamrudisha farasi wangu alikotoka.

"Mvushe," akasema. "Hii ni Nzoia yetu."

Sikudanganyi kwamba wivu uliisha. Mpaka leo nikisikia simu yake ikipiga muziki wa kushinda mchezo ule, mkono wangu unatafuta sufuria. Lakini sasa namwambia hapohapo: nimeona wivu, leta ubao. Nawe, mwanangu, usimnunie mume wako ukingoja akisie mwenyewe. Simu hainuni, na hapo tu ndipo inapokushinda. Rudi kwako leo, akikusemesha umjibu, kisha umwambie kwa mdomo wako unavyoumia. Asiposikia baada ya hapo, njoo tena, na mimi nitatafuta bakora ya Senge.

Mungu akufungue ulimi. Na siku utakapofika ukingoni ukaogopa, akuwekee kando yako mtu wa kukushika mkono akuambie uvuke.