Chupa ya Dawa Isiyoisha

Nyumba yetu ya mtaa wa Nyalukemba ilinukia mafuta mepesi ya saa. Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa saa; meza yake ilikaa chini ya dirisha linalotazama ziwa, na asubuhi nzima nilisikia vyuma vidogo vikigongana kwenye kisahani. Msimu ule wa mvua alianza kudondosha skrubu na kupapasa sakafu akizitafuta. Daktari akasema ni glakoma, presha ya jicho inayokula uoni polepole bila maumivu. Uliopotea haurudi, alisema, ila matone yangelinda uliobaki, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Mimi, msichana wa miaka tisa, nikakabidhiwa chupa.

Papa alilala kwenye benchi, nami nikamvuta kope ya chini. Dawa ilimchoma. "We mutoto, unaniwekeaka pilipili mu macho?" alinitania, machozi yakimtoka. "Kaa kimya, papa, bado jicho ingine," nilimjibu.

Kisha shangazi Feli, dada yake mkubwa, akaja kutoka kijijini Mumosho kukaa nasi. Baada ya wiki mbili Papa aliacha kulalamika. "Mukono yako sasa ni ya dokta," akasema, nami nikavimba kwa furaha. Niliona pia kwamba chupa haiishi. Niliona, sikuuliza, sifa zilikuwa tamu.

Kiangazi kilipofika, Papa alikuwa akijigonga bega mlangoni kwa kutouona vizuri. Hapo shangazi, akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu, akaniambia bila aibu: "Ile dawa nilimwaga zamani. Ilikuwa inamutesa. Nilitia maji ya baraka." Nilimsihi amwambie Papa. "Atakuchukia weye," alisema. "Ni mukono ya nani ilikuwa inamutilia?"

Nikanyamaza. Wakati ule Papa bado aliuona uso wangu nikimkaribia. Ningesema, angerudi kwa daktari. Kufikia Noeli hakuuona tena.

Tulimzika mwaka huu. Matangani watu walinisifu kwa kuyatunza macho yake, sifa alizowasimulia Papa mwenyewe alipokuwa hai, na shangazi, ameketi ubavuni mwangu, akaitikia kwa kichwa. Siku hizi kaka yangu naye ana glakoma na anatia matone. Mkewe huweka alama kwenye kalenda, na kaka bado anaona hata kutunga uzi kwenye sindano. Nikimtazama nafurahi, kisha moyo unauma. Papa alikuwa na haki ya kujua, hata kama angenichukia. Shangazi na mimi tulimnyima haki hiyo pia.