Fundi wa mota anayeionea wivu cheche ya mdogo wake

Saa nne asubuhi. Mlango wa karakana umerudishwa ili giza lisaidie jicho, na fundi wa kusuka mota amepiga magoti mbele ya mnara wa kurusha cheche za umeme, wa waya wa shaba alioufunga kwa mkono, mizunguko elfu moja na mia moja. Anabonyeza swichi kwa fimbo kavu. Mnara unanguruma, kileleni inachomoza cheche ya zambarau, urefu wa shibiri, kisha inanywea.

"Shibiri!" anasema, kama mtu aliyetukanwa. "Ya yule inafika dhiraa."

"Yule" ni mdogo wake, tumbo moja, fundi redio wa mtaa wa pili.

Mkubwa huyu watu humwita Fundi Shaba. Kwa miaka ishirini na sita amesuka mota zilizoungua, tatu au nne kwa wiki. Aliacha shule darasa la saba ili mdogo wake aendelee. Jumatatu chuo cha ufundi kitachagua mnara mmoja wa kufundishia umeme kati ya itakayoletwa, wa mdogo wake ukiwemo, na aliyeuunda atasomesha vijana kila Alhamisi. Fundi Shaba hajapata kuitwa mwalimu maishani mwake, na hana haja nyingine.

Mkewe, anayeshona nguo chumba cha pili, hamwonei huruma. "Wivu wako ungekuwa umeme, baba, tungewasha mtaa mzima."

Kosa lilikuwa katika pengo la cheche: boliti mbili zinazotazamana, ambazo umeme huruka kati yake ili kuusukuma mnara. Fundi Shaba aliamini kwamba pengo pana huzaa cheche ndefu. Kila alipoikumbuka dhiraa ya mdogo wake, alizisogeza mbali kidogo.

"Nilikuwa napima kwa roho, si kwa rula," anakiri.

Juzi pengo likazidi upana, kapasita mbili zinazolimbika umeme wa mnara zikapasuka, ikabidi anunue nyingine. Jana akaenda kwa mdogo wake, kisingizio kuazima koleo.

"Kaka, koleo unazo sita. Sema umekuja kuchungulia."

"Nichungulie nini, wewe mtoto wa juzi?"

Lakini macho hayana pazia. Mezani palikuwa na vipande saba vya bomba la shaba vilivyopangwa safu, baina yao upenyo mwembamba kama kadi, na feni ikivipuliza. Mdogo akaeleza bila choyo: hewa ya pengo ikipata joto kali, umeme huendelea kuvujia humo; pengo likigawanywa na kupozwa, cheche hukatika upesi na nguvu hubaki mnarani.

"Afadhali angenificha," asema Fundi Shaba. "Ningepata haki ya kununa. Na ile feni, mota yake nani kaisuka? Mimi!"

Leo, baada ya ile shibiri ya asubuhi, amekata mabomba yake, akayasugua yakang'aa, akafunga feni. Anabonyeza. Cheche inaruka kwa mlio wa mjeledi, na mkewe anachungulia, sindano mdomoni. Wanapima kwa ufito: dhiraa, kasoro vidole vinne.

"Alhamdulillahi," anasema mke. "Sasa umeridhika?"

"Vidole vinne, mama. Vinne!"

Ana siku tatu za kuvitafuta. Akichaguliwa, tayari anajua somo lake la kwanza litakuwa pengo la cheche. Na vijana wakiuliza mwalimu wao kafundishwa na nani?

Anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole.

"Wakiniuliza, nitasema kweli: mdogo wangu. Uongo ni dhambi." Kisha anauinamia mnara wake. "Lakini wasiponiuliza, mimi sisemi."