Kalamu Iliyokauka Kabla ya Kibali

Hebu mwone Rukiyo akiingia ofisi ya vibali, Garissa, mwaka wa arobaini na nane, enzi ya mkoloni: mama mfupi, msusi wa vyombo vya maziwa, vumbi la njia limemjaa mpaka kwenye kope. Binti yake yuko Wajir, mimba imetimia miezi tisa, na bila karatasi mama haruhusiwi kuvuka kizuizi. Bwana mwenye kutia sahihi anaondoka saa sita, safari ya wiki tatu. Lori lake lilishaanza kunguruma uani.

Karani Mursal alifungua kalamu yake ya wino akaanza kuandika. Karatasi ikakwaruzika tu.

"Imekauka tena, eddo," akasema, kama mtu anayemlalamikia shangazi yake. "Na jana niliifunga vizuri."

"Si uandike kwa ya risasi?"

"Bwana haitaki. Anasema inafutika. Ngoja niiloweke."

Akaichovya ncha kwenye bilauri ya maji. Rukiyo, ambaye mikono yake haijui kukaa bure, alikiokota kifuniko cha kalamu, akaingiza kidole cha mwisho.

"Humu ndani ulitoa nini?"

Mursal akaona haya. "Kulikuwa na kijikombe cheusi. Nilidhani ni wino ulioganda, nikakichokoa kwa mwiba."

"Kwa mwiba. Na shule yote hiyo." Rukiyo alicheka kidogo. "Mimi nikisuka chombo, kifuniko cha nje ni cha kuzuia vumbi. Hewa inazuiwa na ule mdomo wa ndani unaobana. Hicho kijikombe ndicho kilichokuwa kikiikumbatia ncha. Sasa wino wako unalala mlango wazi."

Akafungua pindo la guo lake, akatoa nta, akaipaka mle ndani akiizungusha. "Leo haitasaidia. Kesho utaniombea dua."

Wino ukaja, hafifu kwanza, kisha mzito. Mursal akaandika jina la Rukiyo, la baba yake, la babu yake, na njia atakayopita. Alipofika mahali pa sahihi, mngurumo wa lori ulisogea, ukapita langoni, ukafifia.

Bwana alikuwa ameondoka.

"Miaka sita nawaandikia watu ruhusa za kutoka," Mursal akasema, "na mimi mwenyewe sijapewa ya kwenda kwetu Elwak." Kisha, bila kumtazama: "Askari wa kizuizini hasomi, eddo. Anaangalia mkia wa sahihi tu. Huo mkia naujua."

Mursal akikamatwa, ni jela. Asipouchora, mtoto wa Wajir hatasubiri wiki tatu. Rukiyo aliitazama ile ncha iliyolowa, ikingoja neno lake. Binti anaye mmoja tu. Na huyu naye ana mama kule Elwak.

Wewe ungemjibuje?