Siku Niliyomsema Mumbua Kwenye Kibanda cha Wakalimani

Naomba msinicheke kabla sijamaliza, maana nyie jamaa wa Al Baraha mnaijua nusu tu ya aibu hii, ile nusu niliyowatumia kwa mdomo wangu mwenyewe, na hii nyingine nimeikalia kimya mpaka leo.

Basi, hotelini kwetu pale Marina ulikuja mkutano wa maprofesa wa mambo ya Uchina, siasa yao, sheria zao, jamii yao, siku tatu nzima watu wazima wanaulizana Mchina akigombana na jirani yake anakwenda wapi (swali ambalo kwetu Shinyanga lingejibiwa kabla chai haijapoa). Kazi yangu ilikuwa kugawa hedifoni mlangoni. Nilikuwa namalizia miezi mitatu ya majaribio kitengo cha sauti, na jioni ile ile Dada Mumbua, msimamizi wetu, Mkamba wa Machakos, alikuwa asaini fomu ya kunithibitisha, akisaini nabaki ndani kwenye kiyoyozi, asiposaini narudi kulinda maegesho ya magari, na jua la Agosti la hapa jangwani mnalijua. Tena ni yeye aliyenitoa huko maegesho, aliniombea kwa sir, meneja wetu, mpaka sir akachoka.

Ikafika zamu ya profesa mmoja wa Kichina, mama mpole wa miwani, akasema ataonyesha filamu ya dakika kumi yenye maandishi ya Kiingereza chini, na sauti yake watu wataisikia kwenye hedifoni. Wakalimani wakaona hawana kazi, wakatoka kunywa kahawa, kibanda chao cha kioo kikabaki kitupu, viti laini, na mimi miguu imesimama tangu alfajiri. Nikaingia. Kukaa tu, jamani! Mbele yangu maiki ina taa ndogo nyekundu, nikajua imezimwa (nani aliwaambia nyekundu iwe ndiyo inawaka? shule niliyosoma mimi nyekundu ni simama), nikatoa simu nikaanza kuwarekodia voisi.

Filamu yenyewe, mabibi wawili wanagombana, bomba la wa juu linavujisha maji kwenye dari ya wa chini, katikati kasimama mama wa kamati ya mtaa anawapatanisha wasifike mahakamani. Nikaitangaza kama mpira: "Wazee, kumbe Uchina nako kuna balozi wa nyumba kumi! Huyu hapa kashika daftari, wa juu anakana, wa chini analia, balozi anasubiri soda!" Nikajiona mchekeshaji wa taifa. Kupitia kioo nawaona maprofesa wanaandika mbio mbio, mmoja anatikisa kichwa kwa kukubali kabisa, na mama mmoja wa kitenge mstari wa pili mabega yanamtetemeka, nikasema kweli filamu imemkolea.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na akili zangu hizi nikaongeza: "Halafu huyu Mumbua jioni anasaini. Akishasaini tu, ile dada, dada imekwisha! Nimechoka kumchekea, anajifanya bosi na Kiingereza cha kuungaunga, mtu aliyekuja huku kufua mashuka!" Nikaituma, nikainua macho. Nyuma kabisa ya ukumbi kasimama Mumbua, hedifoni kichwani, anakagua sauti (ndiyo kazi yake, na yeye kazi anaifanya). Akaivua polepole, akakunja waya vizuri, akaiweka mezani. Ndipo nikaitazama tena ile taa nyekundu.

Taa zikawashwa. Mzungu mmoja wa tai ya kipepeo akauliza, kwa heshima zote, kama kuisimulia filamu kwa lugha ya Kiafrika ilikuwa ni hoja ya kinadharia. Profesa akasema yeye hana habari, wakati wenzake walishajaza kurasa mbili! Ndipo yule mama wa kitenge, kumbe mhadhiri kutoka Dar, akasimama akawatafsiria balozi na soda yake, ukumbi ukaangua kicheko, profesa mwenyewe akacheka akauliza mtangazaji yuko wapi, wakageuka wote, na mimi nimo mle kwenye kioo kama samaki wa mapambo. Ya Mumbua aliyaruka. Alinisitiri, Mungu ambariki, ila Mumbua mwenyewe hakuhitaji tafsiri.

Mhadhiri akanishika mkono mpaka koridoni alikokuwa Mumbua. "Haya mwanangu, omba msamaha." Nikaomba, na machozi yakanitoka kweli: "Dada, nisamehe, nilikuwa najitutumua kwa wenzangu tu."

"Shija, nimekusamehe," akasema. "Na nitakuombea."

Mhadhiri akafurahi, akatushikanisha mikono, eti yamekwisha. Mimi bila haya nikauliza, "Na ile fomu, dada?"

"Hiyo sitasign. Form inauliza kama wewe ni mtu wa kuaminika, na mimi sidanganyi. Khalas, basi, enda ukusanye hedifoni."

Sasa niko maegesho. Mumbua akipita ananiletea chupa ya maji baridi, ananiuliza presha ya mama inaendeleaje, na anauliza kwa moyo, hana kinyongo hata chembe. Juzi nikamwambia, dada, usijisumbue na maji. "Kwani kiu na kusign zinahusiana wapi?" akasema, akaingia zake ndani. Angenitukana ningepata nafuu. Nimeapa sitamsema tena mtu akiwa hayupo, na nyie ile voisi mnayoisambaza mpaka Sharjah ifuteni, nimewaomba mara ngapi? Mimi mwenyewe nimejaribu kuisikiliza, sijawahi kufika mwisho.