Unga Uliomwagwa Juu ya Ramani

Abiti Chikwenga alikuwa na ulimi mkali na mkono mzuri wa mboga. Ukikutana naye njiani asubuhi, atakusema kwanza, kisha akupe fungu la majani ya maboga. Mume alimzika, dada alimzika, wale waliokuwa wakilima kushoto na kulia kwake, akabaki na wajukuu wa dada yake na kipande cha ardhi nyeusi kando ya kijito, chenye maji hata kiangazi. Hicho ndicho kilichowalisha. Ndiyo maana siku ardhi ya kijiji chetu ilipogawanywa, alifika mkutanoni kabla ya mwenye mji, mkuu wetu wa kijiji, ametoka moja kwa moja mashineni na kikapu chake cha unga kichwani.

Mimi na mikutano hatupatani, lakini ule ulikuwa wa kutazama. Che Armindo, bwana wa kilimo kutoka mjini, alitaka tuchore ardhi yetu yote pale uwanjani, chini: majivu kwa mashamba, majani ya mti kwa msitu, mkaa kwa malisho. Kila eneo na kazi yake, na kitakachochorwa ndicho kitakachofuatwa. Tukainama watu wazima, tukachora vilima vyetu kama watoto.

Tulipofika kijitoni, majivu yakaisha. Che Usene, mwenye mbuzi wengi kuliko adabu, akasogea na konzi ya mkaa.

"Hapa malisho. Mbuzi wanataka maji."

"Mbuzi wako wakanywe kwa mama yako!"

Abiti Chikwenga akatua kikapu chake, akachota unga, akaumimina pale penye kipande chake. Ukashuka taratibu, ukasimama kilima kidogo chenye ncha.

Mwalimu wa msikiti akajifanya anatafuta kiatu chake. Kwetu unga haumiminwi hivyo chini ila unapowaita waliokufa, na ukishawaita kwa mkono wako mwenyewe, huuzoi.

"Abiti, umefanya nini?" mwenye mji akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Majivu yameisha, Che. Nimetia alama tu."

"Wao hawajui mambo ya alama. Wanajua kupewa."

Armindo akacheka, akasema ni unga tu, ufagiliwe. Hakuna aliyegusa ufagio. Ikabidi desturi ifuatwe, unga ukafunikwa kwa chungu hadi kesho yake. Ukikutwa umeporomoka, wamekataa. Ukikutwa umesimama, wamepokea walichopewa.

Mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Asubuhi ramani yote ilikuwa matope, mkaa umesombwa, na chungu kimelala pembeni, kimejaa maji. Unga ulikuwa umesimama palepale, mkavu, ncha yake haijaguswa. Nilitaka kukimbia, nasema kweli.

"Wamepokea," akasema mwenye mji. "Hapo si malisho wala si shamba. Ni pao."

Usene akarudi kwa mbuzi wake. Armindo akachora upya kwenye karatasi yake, na kile kipande akakiacha bila rangi. Abiti Chikwenga peke yake ndiye aliyepiga kelele: "Na hawa watoto wale nini? Udongo?" Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Alivumilia kwa muda, kisha njaa ya watoto ikaushinda woga wake. Akachukua jembe, akaenda mchana kweupe. Alirudi upesi, akapita kwangu, akaketi mlangoni bila kunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kumepaliliwa," akasema. "Shamba zima. Udongo bado mbichi, na hakuna unyayo hata mmoja."

"Labda ni majirani, wamekuonea huruma."

"Majirani gani, wewe? Nani atakanyaga kule?" Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Wamepalilia kama tunavyopalilia sisi, bega kwa bega, kila mtu na mstari wake. Mmoja katikati wameuacha, na magugu yake."

"Wameuacha kwa nini? Ni wa nani?"

Akalitazama jembe lililokuwa mapajani mwake.

"Wangu," akasema.